UZI: Iafoni za miwani ya VR tusizipime kwa besi, tuzipime kwa kidole

#1 MtotoWaMtoni (Dar es Salaam)

Wakuu, salaam.

Nina kibanda cha gemu za VR hapa mjini, zile za kuvaa miwani ukajiona uko ndani ya gemu. Ninazo miwani tatu za Meta: Quest 2 mbili na Quest 3 moja. Mwaka mzima sasa nanunua iafoni, najaribu, naweka kando, nanunua nyingine. Jana usiku nilizipanga zote mezani nikahesabu: kumi na moja. Nikaona nilete uzi, maana nimejifunza jambo ambalo muuzaji hakuambii na kwenye boksi halijaandikwa.

Tukitaka kujua iafoni ni nzuri, wengi wetu tunaweka wimbo tunaoupenda, tunasikilizia besi, tunatikisa kichwa, tunalipa. Kwa muziki sina ugomvi na njia hiyo. Kwa VR inakupoteza kabisa. Ukishavaa miwani, kazi ya kwanza ya iafoni ni kukuambia kitu kiko WAPI. Utamu unafuata baadaye.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja wa makamo aliyemleta mwanawe kucheza, mwisho akataka kujaribu na yeye. Nikamvalisha iafoni yangu ya bei kubwa kuliko zote, sh 120,000, besi yake unaisikia hadi kwenye meno. Kwenye gemu ile kuna mtu anakuita kwa nyuma, upande wa kulia. Mama akageuka kushoto. Akaitwa tena, akainua uso anatafuta darini. Akavua akaniambia, "Baba, huyu anayeniita yumo kichwani mwangu, chumbani hayupo." Nikambadilishia ile ya waya ya sh 18,000 ambayo huwa naiweka ya akiba. Akaitwa mara moja tu. Kageuka, mkono kaunyoosha, kidole kimelenga kifua cha yule mtu.

Tangu siku hiyo nahukumu kwa kidole.

Fikirieni mbu. Umeme umekatika, umelala, neti imetoboka. Mbu anapita. Macho hujafungua, lakini kiganja kinajua pa kupiga, na mara nyingi unampata. Masikio yetu yana uwezo huo tangu utotoni. Iafoni mbaya inauharibu, nzuri inauacha ufanye kazi yake.

Kipimo ninachokiamini zaidi nakiita cha redio. Natumia gemu yenye chumba na redio inayolia mezani. Namwambia mtu afumbe macho ndani ya miwani, namzungusha mara mbili tatu kwenye kiti cha ofisi, kisha namwambia: geuka mpaka uone redio iko mbele ya pua yako, halafu fumbua macho. Iafoni nzuri, akifumbua redio iko pale pale au pembeni kidogo. Mbaya, redio iko begani. Narudia mara kumi kwa kila iafoni, na kwenye sakafu nimechora mistari ya chaki kama uso wa saa ili nijue amekosea kwa kiasi gani. Kumi ni muhimu, kwa sababu mara mbili mtu anaweza kubahatisha.

Kabla ya redio naanza na kipimo cha katikati. Sauti ya mtu mmoja anasoma habari, rekodi ya mono, yaani sauti ile ile masikio yote mawili. Inatakiwa isimame katikati kabisa, usawa wa pua. Ikivutia upande mmoja, nageuza iafoni, ya kulia naipeleka kushoto. Mvuto ukihama, kosa ni la iafoni. Ukibaki pale pale, kosa ni la sikio. Katika zile kumi na moja, nne zilianguka hapa hapa. Mpya kabisa, zimetoka kwenye boksi, upande mmoja unapiga zaidi ya mwingine.

Na jambo la mwisho, muangalie herufi L na R. Nimeshuhudia mteja amecheza dakika kumi amevaa kinyume, anasema gemu mbovu. Ukizivaa kinyume, ukigeuza kichwa kulia na sauti inakimbia upande usio wake, ubongo unachanganyikiwa. Yule kijana alishuka anatapika.

Karibuni mniongezee, na nilipokosea mnisahihishe.

#2 BesiNzito (Mwanza)

Mkuu, nimekusoma mpaka mwisho na naheshimu kazi yako, ila hapo kwenye besi naomba kutofautiana.

Mimi nacheza nyumbani. Ndani ya VR kuna mlango wa chuma unafungwa nyuma yako, lifti inashuka, mnyama mkubwa anapita. Bila besi vile vitu ni picha tu. Niliwahi kutumia spika za kwenye mkanda wa miwani zenyewe, mwelekeo zinaonyesha vizuri, lakini mlipuko unasikika kama mtu kapasua mfuko wa karatasi. Mwili haushtuki. Na mwili usiposhtuka, haupo mle ndani.

Kwa hiyo mimi nasema kidole sawa, lakini na ngozi nayo iulizwe.

#3 FundiWaKwaya (Moshi)

Nyote wawili mmegusa kitu cha kweli. Mimi narekodi kwaya, kazi yangu ni hii hii ya nani amesimama wapi, acha nieleze kinachotokea.

Sauti inasafiri kama mita 343 kwa sekunde. Kitu kikiwa kulia kwako, sikio la kulia linaipata mapema, la kushoto linachelewa kwa sababu kichwa kiko njiani. Tofauti hiyo kwa mtu mzima haizidi sana sehemu 0.7 ya milisekunde. Ni kidogo mno, lakini ubongo unaishika. Tena kwa sauti nyembamba kichwa kinaweka kivuli, sikio la mbali linasikia kwa udogo. Mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh alishaziweka pamoja njia hizo mbili mwaka 1907: sauti nzito tunazijua kwa muda, nyembamba kwa ukubwa.

Sasa tatizo. Kitu kikiwa mbele yako sawasawa na kikiwa nyuma sawasawa, masikio yote mawili yanapata sauti wakati mmoja na kwa ukubwa mmoja. Vivyo hivyo kikiwa juu. Utajuaje? Hapo ndipo mikunjo ya sikio la nje inapofanya kazi. Ile mikunjo inakata na kuongeza sauti nyembamba kwa namna tofauti kulingana na inakotokea, hasa maeneo ya Hz 5,000 (mitetemo 5,000 kwa sekunde) kwenda juu, na kwa juu na chini ni kama Hz 6,000 hadi 10,000. Gemu ya VR inaiga ukataji huo kwa hesabu, inautia ndani ya sauti kabla haijafika kwenye iafoni.

Kwa hiyo iafoni inayopunguza au kuongeza sauti kupita kiasi hapo kwenye Hz 6,000 mpaka 10,000 inaandika juu ya maandishi ya gemu. Huyu mama wa makamo aliyetazama darini, nina hakika kubwa kilichomtokea ni hicho. Kulia na kushoto bado kunasomeka, ila mbele, nyuma na juu vinafutika.

BesiNzito, chini ya kama Hz 80 sikio halijui kabisa sauti inatoka wapi, ndiyo maana nyumbani spika ya besi unaiweka popote, hata nyuma ya kochi. Besi haikupi mwelekeo hata kidogo. Lakini inaweza kukunyang'anya, maana sauti nzito hufunika nyembamba kuliko nyembamba inavyoweza kufunika nzito. Iafoni iliyotiwa besi ya kupitiliza inafunika mchakacho wa nyayo, na nyayo ndizo zilizobeba habari.

MtotoWaMtoni, swali. Kabla ya kulinganisha, unazisawazisha sauti? Iafoni inayopiga kwa juu zaidi mara nyingi hushinda, hata tofauti ikiwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) moja tu. Msikilizaji haoni kwamba ni kubwa zaidi, anasema ni safi zaidi.

#4 Mgeni_Dodoma

Samahani wakuu, mimi mgeni kwenye haya mambo. Nimenunua Quest 3S kwa mtu, natafuta tundu la kuchomeka iafoni silioni. Nimepigwa? Na kwa bajeti ya elfu hamsini mnanishauri nini?

#5 Chuma254 (Nairobi)

Ndugu wa Dodoma, hujapigwa. Quest 3S haina tundu la pini ya 3.5 mm. Quest 2 na Quest 3 zinalo, 3S waliliondoa. Itabidi upate iafoni ya waya yenye kichwa cha USB-C, au zile zisizo na waya zinazokuja na kidude chake cha kuchomeka kwenye USB-C.

Usikimbilie Bluetooth ya kawaida. Hapa ndipo nilipopoteza pesa yangu. Nilinunua za Bluetooth pale mtaa wa Luthuli, za bei nzuri tu, kwa simu zinaimba vizuri sana. Nikazivaa nicheze Beat Saber, gemu ya kukata viboksi kwa mdundo wa muziki. Nakata kiboksi, mlio unakuja kiboksi kimeshapita. Bluetooth ya kawaida inaweza kuchelewesha sauti kwa milisekunde 150, 200, hata zaidi. Ukitazama filamu kwenye simu huoni, kwa kuwa programu inaichelewesha picha kidogo ili viende pamoja. Gemu haiwezi kufanya hivyo: hakuna anayejua mkono wako utakata saa ngapi.

Pia ukiwasha maiki ya iafoni za Bluetooth ili uongee na wenzako, nyingi zinashuka zinakuwa kama simu ya zamani: sauti hafifu, na ya mono. Mwelekeo wote unakufa hapo hapo. Nilidhani zimeharibika.

Mimi kwa sasa natumia Koss KSC75 kwenye Quest 2. Hazizibi sikio, zinaning'inia juu ya sikio kwa kibanio, Marekani zinauzwa karibu dola 20. Wenzetu huko nje wanavitoa vibanio na kuvifunga vile vispika moja kwa moja kwenye mkanda wa miwani, ukivaa miwani vinajikalia vyenyewe sikioni. Nimefanya hivyo na nimekunja waya wake wote, ule ni mrefu wa mita moja na zaidi, nikaufunga nyuma ya kichwa kwa utepe. Waya unaoning'inia ni balaa: ukigusa bega, mkwaruzo unaingia sikioni, unageuka ukidhani kuna mtu.

#6 MtotoWaMtoni

Fundi, umenikamata vizuri. Nilikuwa nasawazisha kwa sikio langu tu. Kuanzia kesho mdogo wangu ndiye atakayepanga sauti, mimi sitaona namba.

Chuma254, nakuunga mkono kwenye zisizoziba sikio, na niongeze kipimo nilichokisahau: kuruka. Iafoni za kuingiza ndani na kuziba ukiruka nazo unasikia nyayo zako ndani ya fuvu, ndu, ndu, ndu, na pumzi yako kama mtu amekaa na wewe ndani ya tangi la maji. Tia vidole masikioni sasa hivi ulipo, tembea hatua tano, utanielewa. Mtu anayecheza ngumi kwa dakika kumi anachoka na mlio wa mwili wake mwenyewe kabla hajachoka mikono.

Lakini kibandani kwangu zilizo wazi hazifai. Nje kuna bodaboda, jirani ana muziki, mteja haisikii gemu. Kwa hiyo mwenye kibanda na mchezaji wa nyumbani hawawezi kununua kitu kimoja.

Na zile za kuziba zina kasoro nyingine. Mpira wake usipokaa sawa, besi inapotea yote kwa mara moja. Mteja anasema iafoni haina besi, kumbe mpira ni mdogo kwa tundu la sikio lake. Na ukicheka au kufungua kinywa taya linasogea, upande mmoja unavuja, ghafla dunia nzima inainama kushoto. Nina saizi tatu za mipira, na kabla sijamkabidhi mtu miwani namwambia, "Fungua kinywa kama uko kwa daktari wa meno." Sauti ikibadilika, nabadilisha mpira.

#7 BiMwanaisha (Mombasa)

Wanangu, hamjambo. Mimi ni muuguzi, miaka mingi nimekaa kliniki ya masikio, pua na koo. Gemu zenu sizijui ila masikio nayajua.

Huyu mwenye kibanda, mwanangu, hiyo mipira unaipitisha kwa mtu baada ya mtu? Tafadhali. Mipira ya silikoni itolewe, ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ikauke kabisa, ndipo imvae mwingine. Bora kila mteja apewe yake. Sikio lenye jasho na joto, likazibwa nusu saa, ni shamba la fangasi. Nawaona kliniki, hasa miezi ya joto, sikio linawasha, linatoa maji, na kila mmoja anatoka na vijiti vya pamba mfukoni. Vijiti hivyo vinasukuma nta ndani. Usitie kitu sikioni.

Kile kipimo chako cha kugeuza kulia na kushoto nimekipenda sana. Mvuto ukibaki upande ule ule ingawa umegeuza, mtu huyo aje apimwe. Mara nyingi ni nta tu, tunaitoa, anaondoka anacheka. Lakini kama sikio limeanza kusikia kidogo ghafla, ndani ya siku moja au mbili, hiyo ni haraka, asingoje wiki.

Na kiasi cha sauti. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma. Kila ukipandisha desibeli 3, muda ule unakatika nusu. Fikirieni kijana aliye sokoni penye kelele anapandisha ili aifunike kelele ya nje. Ananogewa, hajui anachopoteza. Na sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kuondoka, hizo hizo fundi wa kwaya alizosema ndizo zinazokuonyesha mbele na nyuma.

#8 Kaskazi_Muscat

Assalaam alaykum. Nawasoma kutoka Muscat.

Mimi ninayo miwani ya PlayStation VR2, ile iliyotoka Februari 2023, inayotumika na mashine ya gemu ya PS5. Inakuja na iafoni zake ndani ya boksi, zinachomekwa nyuma ya miwani yenyewe, waya mfupi umekaa vizuri, hakuna cha kuning'inia. Jambo ninalotaka kuwaambia ni kuwa PS5 ina mahali pa kuchagua umbo la sauti ya pande zote. Mwanzo ilikuwa machaguo matano, unasikiliza mlio na kuchagua ule unaousikia usawa wa masikio. Mwaka 2024 wakaongeza upimaji mrefu zaidi, unajibu maswali ya mlio uko wapi, nayo inatengeneza umbo la kwako peke yako.

Nilikuwa nalaumu iafoni. Kila kitu kilisikika chini, kama watu wote wamechuchumaa. Nikabadilisha chaguo, wakasimama. Iafoni zile zile.

Kwa hiyo kabla ya kutupa iafoni, tazameni kwanza mipangilio. Na kama iafoni zenu zina kitufe cha 3D au 7.1 cha kwake (cha kuiga sauti ya pande zote), kizimeni. Gemu imeshahesabu kila kitu, iafoni ikihesabu tena juu yake, sauti inapikwa mara mbili.

#9 FundiWaKwaya (Moshi)

Kaskazi, hapo kwenye kupikwa mara mbili pameniokolea maneno mengi.

Nami niongeze kuhusu umbo la sikio. Gemu nyingi zinatumia kichwa cha wastani, na masikio ya wastani si ya mtu yeyote. Ndiyo maana iafoni moja inamfaa MtotoWaMtoni na haimfai mama yule. Lakini kuna habari njema. Mwaka 1998 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nijmegen, Uholanzi, waliwawekea watu wachache vifinyango vidogo kwenye mikunjo ya masikio, wakawabadilishia umbo. Siku za mwanzo watu wale hawakuweza kujua sauti iko juu au chini. Wakaishi na vifinyango hivyo majuma kadhaa, uwezo ukarudi. Na walipovitoa, masikio yao ya zamani yalifanya kazi papo hapo, kana kwamba ubongo umehifadhi ramani mbili.

Maana yake kwenye jambo letu: usihukumu iafoni dakika tano za kwanza tu. Itumie wiki, kisha rudia kipimo cha redio. Na tumieni kichwa. Kugeuza kichwa kidogo ndiko kunakotenganisha mbele na nyuma, kwa kuwa kitu cha mbele na cha nyuma vinahamia pande tofauti ukigeuka. Miwani inafuatilia kichwa, iafoni za simu za kawaida hazina habari. Mtu akikaa kama sanamu wakati wa kupimwa, atakosea hata kwa iafoni bora.

Ndiyo maana naipenda kampuni ya Valve kwa walichofanya kwenye miwani yao ya Index ya 2019. Spika zake zinaning'inia pembeni ya sikio bila kuligusa kabisa, kwa hiyo sauti inapita kwenye hewa kidogo na inafika kwenye sikio lako mwenyewe. Unasikia iko nje ya kichwa. Lakini miwani yenyewe ni ya kuunganishwa na kompyuta.

#10 BesiNzito (Mwanza)

Nimerudi. Wiki hii nimefanya kazi ya nyumbani.

Nilimwomba mke wangu anizungushe kwenye kiti, kipimo cha redio, mara kumi na besi yangu ya kawaida. Nilipata nne. Nikaingia kwenye ikwalaiza (pale unapopandisha na kushusha besi) nikaishusha besi desibeli 6, nikamwambia asawazishe ukubwa wa sauti kama Fundi alivyosema. Nikapata saba. Nikairudisha juu, nikapata tano. Iafoni ni hizo hizo, kiti hicho hicho.

Sijaiacha besi. Mlango wa chuma bado nautaka unishtue. Nimeishusha mpaka pale ambapo mlango unashtua na nyayo bado zinasikika, na mahali hapo panapatikana. Kwangu ni kama 3 chini ya nilipozoea. Siku mbili za kwanza nilihisi nimeibiwa. Sasa nikirudisha ya zamani nasikia tope.

#11 Mgeni_Dodoma

Wakuu nawashukuru. Nilinunua ya waya ya USB-C, sh 35,000, inakaa juu ya sikio haizibi. Nikafanya kipimo cha katikati. Mtangazaji akaenda kulia. Nikageuza, akabaki kulia. Nikaazima za rafiki, bado kulia. Nikaogopa kidogo, nikamkumbuka Bi Mwanaisha, kesho yake asubuhi nikaenda hospitali.

Sikio la kushoto lilikuwa na nta imeganda. Wameniweka matone siku chache, wakaja kuisafisha. Nilipotoka nje nikasikia majani ya mwarobaini pale getini, upande wa kushoto, nikasimama kuyasikiliza.

Jana nikavaa miwani. Redio mara kumi, nimepata nane.

#12 BiMwanaisha (Mombasa)

Alhamdulillahi mwanangu. Sasa usitie kijiti cha pamba.

#13 MtotoWaMtoni

Mgeni, nimefurahi kuliko ungekuwa umenunua kwangu.

Bi Mwanaisha, nimeshanunua pakiti ya mipira, kila mteja anapewa yake na anaondoka nayo. Nimeongeza sh 500 kwenye kiingilio na hakuna aliyelalamika.

Wakuu wawili wameniandikia pembeni wanataka sauti ya kupimia kwa wasio na gemu yenye redio. Nitaitengeneza. Nina maiki mbili ndogo za kubana kwenye shati, nitazibandika kwa plasta kwenye mlango wa kila sikio langu, na mdogo wangu atanizunguka na kiberiti chenye njiti nusu, anatikisa na kusimama kila saa ya uso wa saa, kisha juu ya kichwa, kisha usawa wa goti. Kiberiti nimekichagua kwa sababu mchakacho wake umejaa sauti nyembamba, na kila mtu anaujua. Yatakuwa masikio yangu, siyo yenu, kwa hiyo mbele na nyuma baadhi yenu mtakosea. Isikilizeni kwa kulinganisha iafoni na iafoni, msilinganishe mtu na mtu.

Nilijaribu jana saa mbili usiku, jenereta la jirani limeingia lote, na jogoo mmoja upande wa namba 9 ya uso wa saa. Nitarudia alfajiri ya Jumamosi.